Chokaa ya Novemba

La Mordaie, 6 Machi 1983

Dada yangu Odile,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Mimi mzima, ng'ombe wazima isipokuwa yule mwenye doa jeupe ambaye chuchu imevimba, na Mzee naye mzima kutupita sote. Miaka sabini na mbili, bado anapiga meza ngumi mpaka vijiko vinaruka. Juzi kampiga mbwa kwa kiatu cha mbao hadi jino likang'oka, eti kabweka wakati wa habari za redioni. Kwa hiyo ujue hakuna kilichobadilika. Wewe je, huko Tours? Kile kifua chako cha baridi kimepona?

Nina jambo. Nimeamua kukivunja kikanisa cha kale cha uani, tunamoweka ng'ombe na nyasi, nijenge zizi jipya, la kisasa, lenye mashine ya kukamulia. Benki wamekubali, fundi yuko tayari, na Mzee ananisukuma kila asubuhi: "Utalivunja lini lile gofu?" Sina ubishi naye kwa hilo. Tangu mama alipoanguka akafa kwenye ngazi ya kupandia nyasi mle ndani sijawahi kukipenda kikanisa kile, na mkanda wa Mzee ulikuwa ukining'inia nyuma ya mlango gani, wewe unajua.

Sasa Alhamisi nilikuwa natoa nyasi kavu kwa trekta, uma wa mbele ukagonga ukuta wa upande wa madhabahu. Chokaa ikabanduka mapande. Kugeuka, lo! Jicho linanitazama. Jicho la mtu, dada, na nyusi yake, na wekundu pembeni, na lina hasira ya kutosha kijiji kizima. Nilizima trekta nikatoka mbio, mwanaume wa miaka thelathini na minane. Cheka tu, nakusikia.

Kazi yako ndiyo hii, kuwaosha nyuso watakatifu waliochorwa makanisani. Njoo uangalie, uniambie ni uchafu tu wa rangi, niendelee na mambo yangu. Lakini njoo kama dada, usije kama ofisi. Tumeelewana?

Mdogo wako,
Firmin

Tours, 15 Machi 1983

Firmin, mdogo wangu,

Hujambo? Nilirudi hapa Tours salama Jumapili jioni, na kifua kimepona, asante kwa kuuliza. Asante pia kwa jibini, ingawa ulinipa kwa uso wa mtu anayelipa faini.

Uliniona nikiwa pale juu ya marobota ya nyasi na tochi, nikakuambia nitakuandikia. Nilihitaji kwanza kutulia. Firmin, si uchafu. Ni askari wa Herode. Ile ni picha ya watoto wachanga wa Bethlehemu wakiuawa, na imechorwa miaka mia nane iliyopita na mtu aliyejua sana kazi yake. Nilibandua kidogo tu kwa ukucha, nikaona upanga, nikaona mkono wa mwanamke umeinuliwa kuukinga. Nimesafisha kuta ishirini na mbili katika mkoa huu, na hakuna hata mmoja wenye hasira kama ule.

Unajua kilichoitunza? Ni sisi. Kila mwaka baada ya Pasaka, ng'ombe wakishatoka kwenda malishoni, babu alipaka chokaa kuua wadudu, na baba wa babu kabla yake, na Mzee baada yake. Tabaka juu ya tabaka. Watu wa mjini waliobandua kuta zao ili mawe yaonekane wamepoteza kila kitu, lakini sisi tusiojua lolote tumeifunika vizuri kuliko makumbusho.

Sasa nisikilize, na usirushe barua motoni. Siwezi kunyamaza. Nimewaambia ofisini. Nikinyamaza, wiki ijayo fundi wako anakigeuza kifusi, nami nitaishije? Usioshe, usikwangue, usimruhusu Mzee aingie na kitu mkononi. Zizi linaweza kujengwa ng'ambo ya bwawa. Nakuomba.

Dada yako,
Odile

La Mordaie, 2 Mei 1983

Odile,

Salamu zimekwisha, nilizitumia zote Machi. Mimi mzima kiasi. Utasoma.

Walikuja. Bwana Vasseur wa ofisini kwako na kijana wake wa kamera, gari wameliegesha juu ya miche yangu ya viazi sukari vya ng'ombe. Kaniita "rafiki yangu". Rafiki yake nani? Akanipa karatasi: miezi kumi na miwili hakuna kugusa hata jiwe, na ujenzi wa zizi usimame mpaka waheshimiwa waamue. Nikamwuliza, ng'ombe nao niwaambie wasubiri waheshimiwa? Akacheka. Alipocheka, mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mpini wa koleo. Nilimpiga mbavuni mara moja, akakaa chini matopeni na tai yake. Nikampiga tena alipokuwa chini, na hiyo ya pili ndiyo ninayoijutia, kama unataka kujua.

Nimelala mahabusu. Kesho yake wameniachia, kesi itakuja. Nikarudi nyumbani kwa miguu, Mzee ananingoja mlangoni na fimbo yake. Nilidhani atanipiga kwa aibu niliyomtia. Thubutu! Kanipiga kwa sababu Vasseur aliondoka akitembea mwenyewe. Kanichapa mgongoni na shingoni, nami nimesimama tu, mikono mfukoni, mwenye kilo tisini. Unaweza kunieleza hilo, wewe uliyesoma? Kwa nini nilisimama tu?

Uliondoka hapa na sanduku lako ukiwa na miaka kumi na saba, ukaniachia yeye. Sikukulaumu. Lakini sasa unarudi kumtetea askari wa rangi ukutani, na mimi nawekewa askari wa kweli. Usinisemeshe tena. Ukija, njoo na watu wako, ufanye kazi yako, usinisalimie. Mimi nami sitakusalimia. Naapa kwa kaburi la mama.

Firmin

(Nimeacha kuweka "mdogo wako". Umeona.)

Tours, 10 Mei 1983

Firmin, mdogo wangu, hata ukiacha kuandika,

Natumai shingo imepungua uvimbe. Paka siki na maji baridi. Bwana Vasseur ana mbavu mbili zilizopasuka, na nimekwenda kumwona na kumwomba radhi kwa niaba yako. Kanijibu kwamba baba yake alikuwa mkulima, naye anajua mpini wa koleo unavyopigwa. Atajaribu kesi iwe ya faini.

Umeniuliza kwa nini ulisimama tu. Mimi nilikimbia, wewe ulisimama, na sote tulikuwa tunamwogopa mtu mmoja.

Nitakuja Juni. Nimeomba kazi hii nipewe mimi, maana sitaki mgeni aone mlango ule na msumari ule wa mkanda. Nitalala kwa Bi Léontine pale njia panda, kwa kuwa kwetu hakuna atakayenifungulia. Nitaheshimu kiapo chako, sitakusalimia. Ila nikikuona nitafurahi, na hilo huwezi kunizuia.

Dada yako,
Odile

La Mordaie, 28 Juni 1983

Odile,

Kwa Léontine siingii, na kiapo ni kiapo, kwa hiyo naitumbukiza barua hii posta kama mwendawazimu, na wewe uko hatua chache kutoka dirishani kwangu, nakuona na taa yako ya kichwani.

Nimemwona Mzee leo adhuhuri, ulipokwenda kula, akizunguka jukwaa lako la mbao unalopandia ukutani. Alikuwa na spana mfukoni. Nimekagua boliti ninazoweza kuzifikia, za juu sijaweza, kwa sababu aliniita nikamzalishe ng'ombe. Tangu ulipoanza kukwangua upande ule wa madhabahu hali chakula cha maana. Anakaa jikoni anausikiliza ukuta kwa mbali. Jana kavunja bakuli la supu kwa kiganja, damu ikamwagika mezani, akaendelea kula mkate.

Shuka, Odile. Achana na Herode. Shuka kabla hajakuua.

Firmin

Hospitali, Vendôme, 9 Julai 1983

Firmin, mdogo wangu,

Barua yako nimeletewa na Bi Léontine hospitalini, siku moja baada ya ubao wa jukwaa kuniachia. Usijisumbue kusema "nilikuambia". Nina mkono uliovunjika mara mbili, meno mawili yamekwenda, na uso wangu una rangi nyingi kuliko ukuta. Naandika kwa mkono wa kushoto, samahani kwa mwandiko. Wewe u mzima? Nilikuona ukija mbio na kunibeba mpaka kwenye gari. Ulinisemesha njia nzima. Kiapo kimevunjika, na mimi sikukivunja.

Askari wamesema boliti zililegea kwa mtikisiko. Nimewaacha waamini, kwa sababu nina neno kubwa kuliko boliti.

Asubuhi ile, kabla sijaanguka, nilikuwa nikiondoa chokaa chini ya mguu wa yule askari, kwenye kimo cha kichwa cha mtu mzima aliyesimama. Nikueleze kazi yetu kidogo. Kati ya chokaa ya mwaka huu na ya mwaka jana huwa kuna mstari mwembamba wa kijivu: vumbi la nyasi, kinyesi cha nzi, moshi wa taa, uchafu wa mwaka mzima. Ndivyo ninavyojua nimefika wapi. Pale nilipokuwa, tabaka moja lilikuwa nene mno. Nikalitazama kwa kioo cha kukuzia. Yalikuwa matabaka mawili, yamegandana safi, bila kijivu katikati. Mtu alipaka chokaa ukuta ule mara mbili katika mwaka mmoja, tena sehemu ile tu, upana wa mlango.

Chini yake kuna doa la kahawia. Kubwa, Firmin, na limechuruzika kwenda chini. Na ndani ya chokaa, zimeshikwa kama zilivyoshikwa siku ile, kuna nywele. Ndefu. Nyekundu.

Ni nani mwingine aliyekuwa na nywele nyekundu nyumbani kwetu?

Mimi nilikuwa shuleni kwa masista. Novemba ya mwaka hamsini na moja waliniita ofisini, wakaniambia mama kaanguka kwenye ngazi ya nyasi. Nilikuja mazikoni, jeneza limeshafungwa. Ngazi iko upande wa mlango, mdogo wangu. Doa liko upande wa madhabahu, ng'ambo kabisa. Mtu haanguki kutoka mlangoni akatua kule.

Wewe ulikuwa nyumbani. Ulikuwa na miaka sita. Niambie ulichokiona.

Dada yako,
Odile

La Mordaie, 21 Agosti 1983

Dada Odile,

Natumai mkono umeunga. Mimi nakula, nalala kidogo. Nimeianza barua hii mara nyingi nikaiwashia jiko.

Haya basi.

Mama alikuwa ameshika kapu. Alikuwa amevaa koti la kwendea mjini, anataka kuja kwa dada yake Tours, na mimi anichukue. Nilikuwa nimeshavishwa viatu vizuri. Mzee akatukuta kikanisani, maana tulipita uani kimyakimya. Hakupiga kelele. Ungemsikia akipiga kelele ungejua yatakwisha, si unakumbuka? Alimshika nywele akampeleka mpaka ukutani, akampigiza. Alimpigiza kama mtu anavyokung'uta gunia. Mama aliweka mikono mbele ya uso, Mzee akaipigiza na mikono hiyo. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika kapu. Sikulia. Nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Kisha akaegemeza ngazi, akamlaza chini yake, akaniambia: "Umeona alivyoanguka." Siku ya tatu, baada ya mazishi, wewe umesharudi kwa masista, akachanganya chokaa. Novemba! Nani anapaka chokaa Novemba? Ng'ombe wako ndani, baridi, chokaa haikauki. Jirani akipita angeshangaa, kwa hiyo alifunga mlango, na mimi ndiye niliyeshika ndoo. Chokaa ilinila vidole mpaka nyama. Ile alama uliyoniuliza ukubwani, nikakuambia niliungua na maziwa, ndiyo hiyo. Akaniambia, "Chokaa inaua wadudu. Ukiongea nitakupaka na wewe."

Ndiyo maana nilitaka kukivunja. Zizi lilikuwa kisingizio, hata mimi nilikuwa nakiamini. Miaka thelathini na miwili napita pale na ng'ombe. Lile jicho lilipotokea nilidhani mama ameniita, halafu nikaona ni la mwanaume, nikakimbia.

Bado napika supu yake. Bado namvua viatu jioni. Niambie mimi ni mtu wa namna gani.

Mdogo wako,
Firmin

Tours, 25 Agosti 1983

Firmin wangu,

Sitauliza hali, najua hali.

Wewe ni mtoto aliyeshika ndoo. Ndivyo ulivyo, na mimi ni msichana aliyeambiwa uongo akaukubali kwa sababu ulikuwa rahisi. Hakuna mwingine wa kulaumiwa isipokuwa yeye.

Toka katika nyumba hiyo. Wakamue ng'ombe, uwaache kwa mtoto wa jirani yetu Brossard, uende kwa Bi Léontine. Jumamosi nakuja na Bwana Vasseur na askari. Nimemwuliza wakili, nimewauliza askari, wote wanasema sheria imeshamwacha, ni miaka mingi mno. Lakini itaandikwa. Ukuta ukipotea hakuna kitakachoandikwa, itabaki ile hadithi ya ngazi. Kwa hiyo usimwambie lolote, wala usimwonyeshe umejua nilichokiona.

Nakupenda, mpumbavu wangu mkubwa.

Dada yako,
Odile

Gereza la Blois, 3 Oktoba 1983

Dada yangu,

Salamu kutoka kwenye chumba chenye kuta nyeupe, Mungu ana utani. Mimi mzima. Bega linauma mvua ikinyesha. Chakula ni maharage, na maharage, na Jumapili maharage yenye kipande cha kitu. Asante kwa soksi. Wakili alinikataza kuandika mpaka nihukumiwe, sasa nimehukumiwa, naweza kukueleza mwenyewe, maana magazetini umesoma upuuzi.

Barua yako ya mwisho aliipokea Mzee. Kamvizia mtu wa posta njia panda. Mimi nilikuwa nakamua. Nikasikia nyundo.

Nilimkuta amevua shati, na ile nyundo ya kuvunjia mawe, anapiga ukuta. Hakuanzia kwenye doa, ungeamini? Alianzia kwenye jicho. Alikuwa ameshalitoa, na kichwa chote cha yule askari, mawe yako chini. Analitukana, "Unaangalia nini? Unaangalia nini?" Nikamwambia, "Baba, acha." Sijawahi kumwambia acha maishani mwangu. Akageuka, akanipiga nayo begani. Nikausikia mfupa. Akarudi ukutani, sasa akaishusha pale kwenye doa, pigo la kwanza likakosa, likala jiwe la chini.

Dada, mimi sikumzuia kwa ajili ya Herode, na Vasseur akinishukuru umwambie anyamaze. Nilisimama kati yake na ukuta. Mgongo wangu ulikuwa pale mama alipokuwa. Akainua nyundo, nami nikaona kwa uso wake kwamba atapiga tu, nimo au simo. Basi nikampiga mimi. Kwa ngumi ya mkono mzima, mdomoni. Akayumba. Nikampiga tena, na tena, meno yakaniingia kwenye vidole. Nilimpiga kwa ajili ya mbwa, kwa ajili ya mkono wako. Alipoanguka kichwa kiligonga mawe aliyoyabomoa, na pale nikaacha. Nataka ujue kwamba niliacha. Ningeweza kuendelea, na hakuna aliyenishika.

Askari walipofika alikuwa amekaa, damu masikioni, jicho moja limefumba. Sajenti wao akamwuliza nani kamfanya hivi. Unajua alijibu nini? Kanitazama, akatema jino, akasema: "Nimeanguka kwenye ngazi ya nyasi."

Ebo! Sajenti akaitazama ngazi. Akanitazama mimi na bega langu na vidole vyangu. Akafungua daftari, na kwa Mungu mmoja, alianza kuandika ngazi. Ilikuwa rahisi kwake, na ingekuwa rahisi kwangu. Ningerudi kwa ng'ombe jioni ileile. Mzee alikuwa ananiuzia: ngazi yangu kwa ngazi yake, tunyamaze sote kama zamani.

Nikamwambia sajenti, "Futa. Hakuanguka. Nimempiga mimi, kwa mkono huu. Na mama yangu naye hakuanguka, njoo nikuonyeshe."

Mwaka mmoja, dada. Kwa kuwa ni baba yangu, na kwa kuwa nilikuwa na Vasseur kwenye rekodi. Jaji aliniuliza kama najuta. Nikasema najuta lile pigo la pili la koleo. Wakili karibu azimie.

Kichwa cha askari kimekwenda, najua ulikipenda. Nisamehe. Ila doa lipo. Wakikutaka ulisafishe, fikiri kwanza.

Mdogo wako,
Firmin

La Mordaie, 29 Aprili 1984

Firmin, mdogo wangu,

Salamu nyingi, kwa afya na kwa uvumilivu. Mimi mzima, mkono unainuka hadi begani. Ng'ombe wako wametoka kwenda malishoni baada ya Pasaka na wanarukaruka kama wasichana wa shule. Yule wa doa jeupe amezaa, ndama jike, mkorofi, nimemwita Vasseur. Mwenyewe ameambiwa, kafurahi.

Mzee yuko kwa masista, nyumba ya wazee kule Vendôme. Amepooza: upande mmoja wa mwili haumsikii tena, wala ulimi. Nilikwenda mara moja. Nilikaa kitandani pake nikamwambia kila kitu tulichokiona ukutani, taratibu, tabaka kwa tabaka. Akageuzia uso upande mwingine. Sitakwenda tena, wala sitakudanganya kwamba nilimhurumia.

Sasa kazi. Wiki iliyopita kikanisa kimeingizwa rasmi katika majengo ya kulindwa ya mkoa. Hakuna atakayekivunja, hata sisi. Wale kina mama wa Bethlehemu wote wametoka chini ya chokaa, wazima, wanapigana na askari kwa kucha. Askari mmoja tu hana kichwa, na kusema kweli anafaa hivyo.

Desturi yetu ni kwamba kila ukuta tunaousafisha, tunaacha kipande kidogo hatukigusi, ukubwa wa kiganja, watakaokuja waone ulivyokuwa. Mimi nimeacha kipande cha upana wa mlango. Doa lote, na nywele zake zikiwa ndani. Mkuu wetu kaja kukagua, kasema, "Bi Guérineau, hiki ni kikubwa mno, kinaharibu picha." Nikamweleza kilicho chini yake. Akachukua kalamu akaandika mwenyewe: kibaki.

Jumapili tulifungua mlango kwa watu wa kijiji. Wote walikuja, na nguo za kanisani, na divai. Waliangalia Herode, wakashika midomo, wakasema maajabu haya yalikuwa kwetu na hatukujua. Bi Léontine hakumwangalia Herode. Alikwenda moja kwa moja kwenye kipande changu, akavua kitambaa chake cha kichwa, akasimama. Halafu akasema kwa sauti, kila mtu akasikia: "Ni mimi niliyeuosha mwili wa Clotilde, mama wa watoto hawa. Vidole vyake vyote vilikuwa vimevunjika. Ngazi haivunji vidole. Nilijua, na ninyi mlijua, tukaenda kupaka mazizi yetu chokaa." Mzee Brossard alitoka nje akalia karibu na trekta. Wengine waliweka bilauri zao chini, wakaondoka mmoja mmoja.

Nilibaki na ile ngazi. Ilikuwa bado imeegemea upande wa mlango, miaka yote hiyo tukipandia nyasi. Niliipasua kwa shoka kwa mkono mbovu, ikanichukua mchana wote, nikaifanya kuni za supu. Ilikuwa supu mbaya, nimeimaliza.

Mazizi ya jirani yote yanapakwa chokaa wiki hii, harufu inaingia mpaka jikoni. Kikanisani hatupaki. Ukitoka Agosti, usianzie nyumbani. Anzia pale. Mama yupo, na hakuna tena mtu wa kumfunika.

Dada yako,
Odile